Simu ya mkopo: mwaka mmoja wa kuwa "locked in"

Nimemaliza kulipa simu yangu na nilijiambia siku nikimaliza nitaandika, maanake wakati natafuta maoni ya watu kabla sijachukua sikupata kitu cha maana, wote walikuwa wanaandika tu simu kali, simu poa. Mwenzenu naandika yote, simu yenyewe, duka lilivyoniuzia, na ile siku walivyoifunga, mtu anayefikiria kuchukua asome kwanza.

Simu ni Samsung Galaxy A15, duka ni moja kati ya haya maduka mengi ya simu za mkopo yaliyojaa mjini Mombasa, jina lake sitaliweka kwa sababu nimeulizia kwa wenzangu na mambo wanafanya karibu wote vivyo hivyo. Unaacha depo, yaani malipo ya kwanza, unalipa kila siku, mwaka ukiisha simu ni yako.

Mimi huuza madera. Vitambaa nanunua Biashara Street, nashona na fundi mmoja kule Likoni, halafu naweka stetas WhatsApp na wateja wanaagiza. Simu yangu ya zamani ilikuwa picha inatoka kama imepigwa ndani ya moshi, dera la rangi ya zambarau linaonekana jeusi, mteja akiletewa anakataa anasema si hili niliagiza. Kwa hivyo simu ya kamera nzuri kwangu haikuwa anasa, ilikuwa ni kama mizani kwa muuza nyama.

Basi tarehe moja Juni 2024, siku ya Madaraka, nikapita pale nikaona bango la ofa. Dada wa mauzo mchangamfu sana, amevaa vizuri, akanikalisha, akanipa simu niishike, akafungua kamera akanipiga picha na buibui langu akanionyesha. Nikauliza bei. Akasema depo elfu nne mia tano, halafu shilingi themanini na tano kwa siku, siku 365. Nikasema acha nikafikirie nirudi Jumatatu. Akaniambia, "Dada, ofa ya Madaraka ni leo tu, Jumatatu utapata bei ingine, lakini ukiacha depo saa hii basi uko locked in." Nikamuuliza locked in ndio nini. Akasema, "Maana yake bei yako haiguswi tena, hata vitu vikipanda bei dukani wewe bei yako ni ileile."

Hilo neno lilinituliza, na nataka nieleze kwa nini ili msidhani ni ulimbukeni. Moyoni nilikuwa na wasiwasi wa riba. Nimesoma madrasa, najua kuuza kitu kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya keshi wanazuoni wengi wanaruhusu, bora bei iwe moja, mmekubaliana mwanzo, na isiongezeke ukichelewa. Kwa hivyo aliponiambia bei imefungwa haiguswi, mimi nikasikia lile nililokuwa nataka kusikia, nikatoa kitambulisho, nikatoa namba za watu wawili wa kunidhamini, nikaweka kidole, nikasaini kwenye tableti. Mkataba ulikuwa Kiingereza, kurasa nyingi, unateremka tu na kidole mpaka chini penye sanduku la kutia alama. Sikuusoma, kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni na dada amesimama na kalamu ya tableti mkononi.

Nikatoka na simu yangu. Usiku ule nikamwambia mwanangu wa fomu foo, simu nimechukua na nimeambiwa niko locked in. Akafurahi, akasema hata yeye na wenzake wako locked in kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Kwao vijana hilo neno ni kama kusema nimekaza, nimejitoa, sitaki mchezo, nimefunga mkanda. Nikaona basi ni neno zuri, bei imefungwa na mimi nimekaza, shilingi themanini na tano kwa siku nitashindwa vipi.

Sasa kuhusu simu. Simu ni nzuri kweli. Kioo chake ni AMOLED cha inchi sita na nusu, rangi zinaonekana vile zilivyo, dera la zambarau ni zambarau, la maziwa ni la maziwa, malalamiko ya rangi kwa wateja yaliisha kabisa. Kamera ya nyuma ni megapikseli 50, mchana barazani inapiga picha mpaka unaona uzi wa tarizi. Usiku ndani ya nyumba yenye taa moja picha inapwaya, nikajifunza kupiga asubuhi saa mbili tatu jua halijawa kali. Betri ni 5000, mimi natumia WhatsApp kutwa nzima na napigiwa na wateja na bado usiku nalala ina chaji. Ndani ya boksi kuna waya tu, chaja ya ukutani utafute, mimi nilikuwa nayo nyumbani. Imeanguka mara mbili kwenye feri, kava ilisaidia. Simu kama simu naipa nne na nusu kwa tano bila kusitasita, na imeniongezea biashara, mwezi wa tatu tu nilikuwa nauza mara mbili ya madera niliyokuwa nauza na simu ile ya moshi.

Bei sasa. Hesabu nilipiga baada ya miezi kadhaa, nilipaswa kuipiga nikiwa nimekaa pale pale dukani. 85 mara 365 ni 31,025. Ongeza depo 4,500 inakuwa 35,525. Simu hiyohiyo nilikuja kuikuta duka la Moi Avenue kwa keshi 19,500. Tofauti ni shilingi elfu kumi na sita na ushee. Sisemi ni wizi, maanake mimi elfu kumi na tisa mkononi sikuwa nayo na wao walinipa simu nikaitumia tangu siku ya kwanza, mkopo una gharama yake na wako watu hawalipi kabisa. Lakini kwenye bango walikuwa wameandika 85 kwa herufi kubwa kama mlango na ile 35,525 haikuandikwa popote ambapo jicho langu lilifika. Mtu mzima akiambiwa themanini na tano anafikiria bei ya mkate na nusu, haoni elfu thelathini na tano.

Na mambo haya ya kulipa kidogo kidogo si mageni kwetu. M-Kopa walianza Kenya 2012 na sola, wengi Kwale na Kilifi wameziona, boksi lina laini ya simu ndani yake na usipolipa taa zinazimwa kutoka mbali. Halafu 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo ya simu, shilingi ishirini kwa siku, mama mboga akaweza kushika simu ya kupangusa. Sikatai hata kidogo kwamba imesaidia watu. Hata mamangu cherehani yake ya Singer alichukua kwa mkopo, na nimesoma kwamba kampuni hiyo ilikuwa inauza kwa malipo ya kidogo kidogo huko Marekani tangu miaka ya 1850, kwa hivyo ni biashara ya zamani kuliko sisi wote.

Ila kuna tofauti moja kubwa na ndiyo imenifanya nikae chini niandike. Cherehani ya mamangu alipochelewa kulipa haikuacha kushona. Mzee wa duka alikuja mwenyewe mlangoni, akapewa kahawa, mamangu akamwambia mwezi huu mtoto alilazwa, mzee akaandika kwenye daftari lake akaenda zake, akarudi mwezi ujao. Na huo mwezi mzima mamangu alishona, na pesa za kumlipa zilitoka kwenye cherehani hiyohiyo. Simu ya siku hizi haiji mtu mlangoni. Inajifunga yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, Idd imebaki siku mbili tatu, mnajua wenyewe muuza madera wakati huo hata kula futari anakula amesimama. Asubuhi nilikuwa nimelipa ya wiki nzima, 595, meseji ya M-Pesa ikaingia vizuri, nikaendelea na kazi. Baada ya Isha niko na odha tisa hazijatoka, vipimo vya watu, rangi, mitaa ya kupeleka, yote iko kwenye WhatsApp, simu ikazima skrini halafu ikawaka ikiwa na maandishi tu. Kifaa hiki kimefungwa, lipa kwenye peibili namba fulani, au bonyeza hapa upigie kasta kea. Hakuna kingine. Hufungui picha, hufungui meseji, hufungui chochote, ni kioo kizuri cha AMOLED kinachokuonyesha deni.

Nikapiga kasta kea, nikasubiri nikisikiliza muziki mpaka mkono ukachoka, dakika kama arubaini. Kijana akapokea, akasema mama malipo ya leo hatuyaoni, nitumie kodi ya M-Pesa, ile namba ya muamala. Nikamwambia yule kijana, meseji ya M-Pesa iko ndani ya simu mliyoifunga. Akasema basi nisubiri. Nikatoa laini nikaitia kwenye kabambe, simu ndogo ya kubonyeza, ya dadangu, nikaingia *334# kutafuta taarifa ya akaunti, ikaja, nikampigia tena, foleni tena, akapokea mwingine, akaniambia nitume kwa barua pepe. Barua pepe yangu iko ndani ya simu. Nilikaa kitandani nikalia, sioni haya kusema. Na kabla hiyo saa haijaisha shemeji yangu akanipigia kwenye laini, mmoja wa wale wawili niliowaandika, anauliza kwa upole kama nina shida ya pesa kwa sababu amepigiwa na watu wa simu wakamwambia nimekwepa deni. Shemeji! Mtu ambaye nikienda kwao nafunika mpaka mikono. Sijawahi kuchelewa hata siku moja tangu Juni na sasa nimeitwa mkwepa deni kwa mdomo wa mtu asiyenijua.

Walifungua Jumamosi saa nane mchana. Wakasema malipo yameonekana, samahani kwa usumbufu. Katika zile odha tisa niliwahi tano. Wanne walikuwa wameshanunua kwingine, na wawili kati yao hawajarudi kwangu mpaka leo.

Ndipo Idd ilipopita nikaanza kuuliza. Fundi mmoja wa simu pale Mwembe Tayari akanieleza hilo kufuli linavyofanya kazi. Kwenye Samsung upo mfumo unaitwa Knox Guard, simu inaandikishwa kwa namba yake ya IMEI na anayekukopesha anashika rimoti, kwa simu zingine za Android Google nao wana programu yao ya kufunga kifaa cha mkopo. Kuiflashi au kuirudisha upya kama ilivyotoka kiwandani hakuondoi kitu, ikishika intaneti tu inajiuliza kule kwa mwenyewe, nifunge au nifungue. Akanionya nisikubali mtu aniambie ataitoa kwa elfu mbili, wengi wameibiwa hivyo na simu ikarudi kufungwa.

Halafu mteja wangu mmoja ambaye hufanya kazi kwa wakili akaniambia kitu kilichonikaa kichwani. Kenya tuna Sheria ya Hire Purchase, ya kununua mali kwa malipo ya kidogo kidogo, tangu 1968, na ndani yake imeandikwa kwamba mtu akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkopo, mwenye mali hawezi kuja kukunyang'anya mali hivihivi, mpaka aende kortini. Nikapiga hesabu. Theluthi mbili ya 35,525 ni kama 23,683. Siku waliponifungia nilikuwa siku ya 301, nimeshatoa depo na malipo jumla elfu thelathini na ushee. Yaani nimeshapita theluthi mbili, na bei ya keshi ya simu nimeipita kwa zaidi ya elfu kumi. Nikamuuliza, sasa kufunga kutoka mbali ni kunyang'anya ama si kunyang'anya? Simu iko mkononi mwangu, hakuna aliyeivuta, lakini siwezi kuitumia kwa lolote. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, sheria iliandikwa enzi za cherehani na redio, wakati kuchukua kitu ilibidi mtu aje na mkokoteni. Mimi si wakili, lakini nikiulizwa, kitu kisichoweza kutumika nimeshanyang'anywa.

Kwa hivyo sasa nalirudia lile neno. Dada wa mauzo hakusema uongo, bei kweli haikuguswa. Lakini kwa Kiingereza hayo maneno mawili yana milango mitatu na yeye alinifungulia mmoja tu. Bei imefungwa, sawa. Mteja amejifunga, amejitoa kwa mwaka mzima, sawa, mwanangu alinieleza hilo. Na wa tatu ni kufungiwa ndani, mlango umepigwa komeo na ufunguo uko nje kwa mwingine. Angeniambia kwa Kiswahili angelazimika kuchagua. Angesema bei yako imefungwa ningemuuliza na kingine gani kimefungwa. Angesema umefungwa, ningesimama kwenye kile kiti. Kwetu kufunga mkataba na kufungwa jela ni neno moja, mtu akilisikia anashtuka na anapaswa kushtuka kidogo kabla hajatia kidole. Mamangu alikuwa akituambia kukopa harusi kulipa matanga, sasa pale dukani ilikuwa harusi kamili, picha, ofa, kiti cha kuzunguka, maneno matamu ya Kiingereza.

Huduma naipa mbili kwa tano. Moja kwa sababu walinipa simu wakati hakuna aliyekuwa tayari kunipa, na sitasahau hilo. Ya pili kwa sababu ya yule kijana wa mwisho wa kasta kea, wa Jumamosi, ambaye alibaki na mimi kwenye laini mpaka simu ikafunguka, hakukata. Zile tatu nimezitoa kwa sababu ya mkataba wa Kiingereza kwa mtu aliyewasalimia kwa Kiswahili, kwa sababu ya shemeji yangu, na kwa sababu malipo yao yakipotea kwenye mfumo wao anayeadhibiwa ni mteja.

Kama bado unataka kwenda, na naelewa kwa nini utataka, fanya haya ambayo mimi nimeyajua nimeshaumia. Mwambie akuandikie kwenye karatasi jumla yote mpaka siku ya mwisho, si ya siku. Muulize ukimaliza mapema unapunguziwa ama la, mimi niliambiwa hapana baada ya kuuliza mwezi wa kumi, duka lingine nimesikia wanapunguza. Kila meseji ya malipo iandike kodi yake kwenye daftari, daftari la karatasi, au mtumie dadako, usiiache kwenye hiyo simu peke yake. Kabambe ya zamani usiiuze. Vipimo na odha za wateja viandike pia nje ya simu, mimi sasa nina daftari la madera kama la mamangu. Na wale wa kudhamini, waambie kabla watapigiwa nini, na usimweke mkwe wala shemeji.

Siku ya mwisho, 31 Mei 2025, nililipa 85 ya mwisho alfajiri baada ya kuswali. Sikuambiwa kitu. Nikangoja mpaka saa nne nikapiga mwenyewe, nikaomba waitoe simu kabisa kwenye mfumo wao, si kusema tu deni limeisha, waitoe. Wakasema ndani ya saa 72. Nikapiga siku ya pili, nikapiga ya tatu, na jioni ya tatu simu ikajizima ikawaka, na yale maandishi madogo ya kusema kifaa hiki ni cha fulani, ambayo yalikuwa yanakuja kila nikiiwasha kwa mwaka mzima, hayakuja. Niliizima nikaiwasha tena mara mbili kuhakikisha.

Wiki iliyopita binti yangu mkubwa ameanza kazi ya saluni na yeye anataka simu ya picha. Tukaenda wote, duka lilelile, dada mwingine. Akaanza, ukiacha depo leo uko locked in. Nikamwambia mamii, mwambie kwa Kiswahili, na umwambie zote. Akanyamaza kidogo, akaangalia karatasi yake, akasema, "Bei haitapanda. Utalipa mwaka mzima. Ukikosa siku, tunaifunga simu." Binti yangu akauliza na kama nimelipa na nyinyi hamjaona? Dada akasema ngoja nimuite meneja.

Meneja hatukumngoja, tulikuwa tunawahi feri. Binti bado anafikiria, sijamkataza.